Carey Francis: Baba wa kambo aliyemalizia chaki yake Pumwani

Ukitaja Alliance leo, watu wanawaza matokeo ya KCSE na orodha ya waheshimiwa. Ukitaja Pumwani, wanawaza hospitali ya kujifungulia, Majengo na mitumba ya Gikomba. Si rahisi kumpata mtu anayeziweka sehemu hizi mbili katika hadithi moja. Sasa hebu nikupe hadithi ya mwalimu aliyefundisha kote kuwili. Na hakuanzia Pumwani akapanda hadi Alliance, la. Alianzia juu, akiwa mwalimu mkuu wa shule iliyosifika kuliko zote za Waafrika nchini, kisha akashuka mwenyewe kwenda kushika chaki mtaani kama mwalimu wa kawaida. Hakufukuzwa. Hakushushwa cheo. Alitaka.

Jina lake ni Edward Carey Francis. Kama babu yako alisoma Maseno au Alliance kabla ya Uhuru, mtajie jina hilo kisha utulie umsikilize. Kuna wazee wanaotabasamu, na kuna wanaojishika makalio wakikumbuka kiboko. Wengi hufanya yote mawili.

Alizaliwa London, mtaa wa Hampstead, mwaka wa 1897. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alikuwa kijana wa umri ambao wewe ungekuwa unangoja matokeo ya kidato cha nne. Aliingia jeshini, akapigana Ufaransa katika kikosi cha mizinga. Wenzake wengi wa rika lake hawakurudi. Yeye alirudi, akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, katika Trinity College, kusomea hisabati.

Na hapa usidhani tunazungumzia mtu aliyepita mtihani kwa kubahatisha. Jamaa alikuwa moto. Mapema katika miaka ya 1920 alikuwa tayari anafundisha hisabati Peterhouse, chuo kikongwe kuliko vyote pale Cambridge, na ndiye aliyesimamia masomo hayo. Mwaka wa 1928 kilitoka kitabu cha mazoezi ya hisabati alichokiandika pamoja na J. E. Littlewood. Kama wewe ni mtu wa namba, jina hilo unalijua. Kama si wewe, chukulia hivi: ni kama kijana wa mtaani kupewa namba acheze sambamba na Messi, na asiwe pale kwa kumbebea viatu.

Alikuwa na kazi ya maisha. Alikuwa na heshima, mshahara, vitabu na watu wa kuongea nao lugha yake ya namba. Mwaka huo huo wa 1928 aliviacha vyote, akaja Kenya chini ya shirika la kimishonari la CMS, kuwa mwalimu mkuu wa shule ya Maseno, karibu na Kisumu, pale mstari wa ikweta unapokatiza. Alikuwa na miaka kama 31. Marafiki zake Cambridge walidhani anajipoteza. Mtu wa kiwango kile aende kufundisha hesabu za kugawanya na kuzidisha, Afrika?

Ndiyo, hizo hizo. Ukiwa umewahi kumfundisha mtoto mdogo hesabu unajua kwamba kuijua hesabu ni jambo moja na kuifundisha ni jambo jingine kabisa. Francis alijifunza upya. Baadaye aliandika hata vitabu vya hesabu vya shule za msingi. Mtu aliyekaa meza moja na Littlewood, sasa anawaza namna ya kumweleza mtoto kwa nini unaazima moja kutoka kwenye makumi.

Maseno ilikuwa imeanzishwa mwaka wa 1906, na alipofika aliishika kama mtu anayeshika nyumba yake. Kamusi yake haikuwa na neno uvivu. Darasani, shambani, bwenini, kanisani, kila mahali alikuwepo, mara nyingi ndani ya kaptula. Boli aliipenda mno. Aliamini uwanja unakufunza mambo ambayo ubao hauwezi: kupasiana, kupigwa chenga bila kukasirika, kukubali uamuzi wa refa hata ukiwa na hakika kwamba amekosea. (Hilo la mwisho bado linatushinda Wakenya, lakini si kosa lake.)

Miongoni mwa wavulana waliopita mikononi mwake pale Maseno alikuwa kijana kutoka upande wa Bondo. Kijana huyo alikuja kuwa mwalimu papo hapo Maseno, chini ya Francis yule yule, na wawili hao hawakukosa kukwaruzana. Baadaye ulimwengu ulimjua kama Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya. Kumbuka mkwaruzano huo, maana tutaurudia.

Francis hakuoa. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Maisha yake yote hapa Kenya aliishi shuleni, katikati ya wavulana, akijua majina yao, akijua nani ametoka nyumba gani na nani karo imemkwama. Zipo karo alizozilipa kutoka mfukoni mwake, na mfuko wa mmishonari haukuwa mnene. Waliomaliza shule aliendelea kuwaandikia barua. Watu wakasema, basi, hawa wavulana ndio wanawe.

Mimi naona neno sahihi ni baba wa kambo, na silisemi kwa dharau. Si unajua kuna wale baba wa kambo wanaoamka kabla ya wote, wanaokulipia karo, wanaokaa nawe hospitalini usiku kucha, lakini bado kuna jambo moja hamlizungumzi mezani? Hamzungumzi kuhusu baba yako mwenyewe. Wavulana wa Francis nao walikuwa na baba zao. Walikuwa na lugha zao, mila zao, mashamba yao yaliyochukuliwa. Yeye aliwapenda kwa moyo wote, lakini aliwapenda akiwa ndani ya nyumba iliyojengwa na dola iliyowanyang'anya baba zao. Uzito wa maisha yake uko hapo.

Mwaka wa 1940 alihamishwa kwenda Alliance High School, kule Kikuyu. Shule hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti, ndiyo maana ya jina lenyewe. Francis akawa mwalimu mkuu wake wa pili, na akakaa miaka 22. Hebu fikiria idadi ya vijana wanaopita mikononi mwa mtu kwa miaka 22! Alipofika, shule ilikuwa ndogo. Alipoondoka, ilikuwa inawapeleka vijana Makerere kundi baada ya kundi, na matokeo yake ya mtihani wa cheti cha Cambridge yalikuwa yamewanyamazisha Wazungu waliodai kwamba akili ya Mwafrika ina kikomo.

Hilo la mwisho usilipite haraka. Kenya ya wakati huo ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na bajeti yake, na unaweza kukisia nani alipata makombo. Mtihani, hata hivyo, ulikuwa mmoja, na karatasi zilisahihishwa Uingereza na mtu asiyejua rangi ya aliyeandika. Francis, mtu wa hisabati, alijua kwamba namba hazina ngozi. Aliwabana wavulana wake mpaka namba zikasema.

Maisha ya pale yalikuwa ya kengele. Kuamka, usafi, ukaguzi wa bweni, sala, darasa, uwanja, usomaji wa jioni, taa kuzimwa. Kitanda chako kikiwa na mkunjo ulijua siku imeanza vibaya. Kila mwaka iliandaliwa tamthilia ya Shakespeare, na wavulana waliotoka kuchunga mbuzi likizo walisimama jukwaani kuwa wafalme wa Uingereza. Unaweza kucheka, na kweli kuna la kucheka. Lakini walimu Waafrika pia walikuwa pale: mshairi Joseph Kariuki alifundisha Kiingereza, na Bethwell Ogot, kabla ya kuwa mwanahistoria tunayemjua, alifundisha hisabati.

Halafu, Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ikatangaza Hali ya Hatari.

Kama unataka kumwelewa Francis, tazama miaka hii. Nje ya lango la Alliance kulikuwa na vita. Mnamo Aprili 1954 wanajeshi waliuzingira mji wa Nairobi, wakachagua watu mtaa kwa mtaa, Pumwani ikiwemo, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Katika nchi ya Wakikuyu zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kurundikwa katika vijiji vya kulindwa. Na Alliance iko wapi? Kikuyu, katikati ya moto huo. Ndani ya mabweni kulikuwa na mvulana ambaye baba yake alikuwa kizuizini, na kitanda cha pili yake mvulana ambaye baba yake alikuwa homgadi. Wote wanaimba nyimbo zile zile asubuhi.

Mmoja wao alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia mwaka wa 1955. Kaka yake alikuwa msituni na wapiganaji. Ngũgĩ alipomaliza muhula wa kwanza akaenda nyumbani likizo, hakuikuta nyumba. Kijiji chao kilikuwa kimebomolewa na watu kuhamishwa. Kijana amevaa sare ya shule bora kuliko zote, amesimama mahali palipokuwa kwao, hakuna kwao. Shule ikabaki kuwa mahali pekee ambapo hakuwindwa. Miaka mingi baadaye aliandika kumbukumbu za maisha yake hapo katika kitabu In the House of the Interpreter, na jina hilo linatokana na mfano ambao Francis mwenyewe aliupenda, wa ile nyumba ya mfasiri katika hadithi ya msafiri ya John Bunyan. Hata mhusika wa mwalimu mkuu Mzungu wa shule ya Siriana, katika riwaya ya Weep Not, Child ya mwaka wa 1964, wasomaji wengi wanamwona Francis ndani yake.

Francis mwenyewe alisimama wapi? Hapa ndipo wengi wetu tungetaka jibu la ndiyo au la, na hatulipati. Mau Mau aliipinga kabisa, hilo halina mjadala. Aliiona kama giza, na aliwahubiria wavulana hivyo. Siasa za uhuru hakuziamini. Kwake mwanasiasa na kiongozi wa kweli walikuwa watu wawili tofauti, na alimwogopa wa kwanza. Lakini pia hakunyamaza alipoona askari wa serikali na homgadi wakitesa watu. Aliwalalamikia wakubwa wa serikali waziwazi, Mzungu akiwashtaki Wazungu, wakati ambapo masetla wengi walimwona kila anayefanya hivyo kuwa msaliti. Na hakuwafukuza wavulana kwa sababu ya nani ni kaka yao. Mtoto aliyetoka katika familia ya msituni alikaa darasani kama mtoto mwingine yeyote, akapigwa fimbo kama mwingine yeyote, akatahiniwa kama mwingine yeyote.

Je, inatosha? Kwa maoni yangu, haitoshi. Mtu anayekulinda usipigwe, huku akikuambia kwamba anayekupiga ana haki ya kutawala, amekufanyia nusu ya kazi. Kuna pia jambo ambalo sifa zake huliruka: watoto wake wote walikuwa wavulana. Shule ya upili ya wasichana wa Kiafrika kule Kikuyu ilikuja mwaka wa 1948, miaka 22 baada ya ile ya wavulana, na nchi ingali inalipa deni la miaka hiyo. Lakini nusu ile aliyoifanya, aliifanya wakati ambapo wengi wa rangi yake na cheo chake hawakufanya hata robo.

Halafu watoto wakakua. Mtihani mgumu wa baba wa kambo ni siku ambayo mtoto anasimama na kumwambia kwamba hii nyumba sasa naiongoza mimi. Miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzo wa 1960, wale wavulana aliowakagua vitanda ndio waliokuwa wakitoka kwenye mikutano ya katiba London. Odinga, kijana wa Maseno, alikuwa akiunguruma kumtaka Kenyatta aachiliwe. Gikonyo Kiano, wa Alliance, alikuwa amerudi kutoka Marekani na shahada ya uzamifu. Baraza la mawaziri lilipoundwa mwaka wa 1963, waliopita shuleni mwa Francis walijaa humo. Wanasiasa wale wale aliokuwa akiwaogopa walikuwa wamekaa madawatini pake.

Angeweza kurudi Uingereza. Wengi walirudi, meli zilijaa Wazungu waliosema Kenya sasa imekwisha. Angeweza pia kukaa kitako Kikuyu kama mzee wa heshima, akipokea wageni na kusimulia zamani. Au kuwapigia simu mawaziri, maana nani angemkatalia?

Mwaka wa 1962 alistaafu Alliance akiwa na karibu miaka 65, akaenda Shule ya Upili ya Pumwani kuwa mwalimu wa kawaida. Si mkuu, si mshauri, si mlezi wa heshima. Mwalimu, chini ya mwalimu mkuu mwingine.

Jaribu kuipata picha ya Pumwani ya wakati huo. Mtaa huo ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwakusanya Waafrika wa Nairobi mahali pamoja, mbali na macho ya Wazungu. Ulikuwa mtaa wa Waswahili na watu wa kila kabila, wa nyumba za udongo zilizopangishwa chumba kwa chumba, wa wanawake waliojijengea na kuwa na nyumba zao, wa misikiti, chai na mandazi. Kijana wa pale hakuwa amechujwa kutoka nchi nzima kama wa Alliance. Wengine walikuwa wale ambao mchujo huo ulikuwa umewaacha nje. Na mchujo huo, usisahau, Francis alikuwa ameusimamia kwa miaka 22. Alikuwa amefundisha walioitwa. Sasa akaenda kwa ambao hawakuitwa.

Hakuna anayejua yote yaliyokuwa moyoni mwake, na mimi siwezi kudai kwamba alikuwa akitubu. Pengine alikuwa tu mwalimu aliyeona kwamba ualimu ni darasa na si ofisi. Lakini fikiria wewe ndiye kijana wa Majengo mwaka wa 1964. Waziri anapita barabarani kwa gari lenye bendera. Unamwona kwenye gazeti. Halafu mzee wa kaptula anayekusahihishia aljebra, anayekukaripia kwa kuruka hatua ya tatu, ndiye aliyemfundisha waziri huyo. Na leo asubuhi amekuja kwako. Kwa kijana anayesikia kila siku kwamba mtaa wake hauna kitu, nadhani hilo lilikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote.

Uhusiano wake na wavulana wake wakubwa nao ulibadilika. Walioongoza nchi hawakuwa tena watu wa kukaguliwa vitanda, na yeye hakujaribu. Hata Odinga, pamoja na mikwaruzano yote ya Maseno, hakuficha katika kumbukumbu zake kwamba mtu huyu alimjenga. Unaweza kugombana na baba wa kambo maisha yako yote na bado mwendo wako uwe wake.

Carey Francis alifariki Nairobi mnamo Julai 1966, akiwa na miaka 68. Kenya huru ilikuwa haijatimiza hata miaka mitatu, na tayari watoto wake walikuwa wameanza kugombana wenyewe kwa wenyewe: miezi michache tu kabla ya hapo, Odinga alikuwa amejiuzulu umakamu wa rais na kuanzisha chama cha KPU. Nchi ilikuwa imegawanyika, lakini msiba huu uliwagusa watu wa pande zote mbili, maana pande zote mbili zilikuwa zimepita kwenye madawati yale yale.

Hawakumpeleka Hampstead. Alizikwa Alliance, katika ardhi ya shule. Ukienda huko kwa mechi au kwa tamasha la michezo ya kuigiza, muulize yeyote akuonyeshe kaburi. Pumwani utalazimika kuuliza wazee, na ufanye haraka, maana waliokuwa kidato cha pili mwaka ule sasa wanakaribia miaka themanini.